Deraya za Kuigiza na Dharau ya Wasomi

Miongoni mwa mambo ambayo wasomi wa Afrika Mashariki huyacheka bila kuyachungua ni kazi ya vijana wanaotengeneza deraya, chapeo na ngao za kuigiza, wakazivaa katika mikutano ya wapenzi wa hadithi za picha na sinema. Mchezo huo huitwa kosplei. Katika Nairobi mikutano ya namna hiyo imefanyika mara nyingi, na mmojawapo ni ule uitwao NAICCON. Kijana huja amevaa bamba la kifua, kofia ya vita na upanga ubavuni, vyote vimefanywa kwa mkono wake, ili afanane na shujaa wa kitabu au wa sinema aliyempenda. Msomi akiona picha za kijana huyo hutikisa kichwa. Husema mambo matatu: kwamba kazi hiyo ni utoto, kwamba ni uigaji wa wageni, na kwamba ni upotevu wa mali. Mashtaka hayo yastahili kujibiwa moja moja, maana nyuma yake limejificha kosa kubwa ambalo si la kijana. Kosa hilo ni la mshtaki mwenyewe.

Shitaka la utoto hutamkwa aghalabu na watu wasiopata kushika kisu na kipimo. Yafaa basi kazi yenyewe ielezwe. Fundi huanza na mwili wa mvaaji. Huuzungushia kifua karatasi nyembamba ya plastiki, juu yake hubandika utepe wa gundi mpaka kifua chote kimefunikwa, kisha huchora mistari mahali ambapo mabamba ya chuma yangekutana. Akimaliza hukata katika mistari ile, na umbo la kifua lililokuwa la mviringo hulala mezani likiwa vipande bapa. Hapo ametenda kwa mkasi jambo ambalo mwanafunzi wa hesabu hulitenda kwa kalamu na jasho. Mali aitumiayo ni mpira mwepesi wa aina ile ile ya soli za kandambili na ya mikeka laini wanayotandikiwa watoto. Huukata kwa kisu kikali, naye huweza kukilaza kisu upande ili kingo zikikutana zifanye pembe. Kisha huupasha kwa bomba la hewa ya moto mpaka vitundu vya uso wake vizibe na uso ung'ae kidogo. Hapo huupinda juu ya goti au juu ya chungu, na ukipoa hushika umbo hilo. Gundi yake ni ile ya mafundi viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo pande hukutanishwa, na zikishakutana hazina toba. Mvuke wa gundi hiyo hudhuru, kwa hiyo fundi mwenye akili hufanya kazi penye upepo na kujifunika pua.

Baada ya hayo huja rangi. Fundi hupaka nyeusi kwanza, halafu hugusa rangi ya fedha kwa uchache mahali ambapo chuma cha kweli kingesuguliwa na mkono, na ala, na silaha ya adui. Hana budi kujua mahali hapo, nao hapajulikani ila kwa kufikiri jinsi mtu alivyopigana. Kadhalika hana budi kujibu swali lililowasumbua wahunzi wote wa deraya duniani: bamba la bega likigandamana na la kifua, mvaaji hawezi kuinua mkono, yakiachana sana, ubavu hubaki wazi. Jibu lake ni mikanda na mabamba yanayolaliana kama magamba ya samaki. Kijana aliyelipata jibu hilo kwa mikono yake amejifunza katika vita vya kale jambo ambalo mwanafunzi wa historia hulipita kwa mistari miwili. Ikiwa huo ni utoto, basi vyuo vingi vyahitaji utoto wa namna hiyo.

Shitaka la pili ni zito zaidi, nalo ni la uigaji. Mchezo wenyewe, husema mshtaki, ulitoka Marekani na Japani. Hilo ni kweli. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi uliofanyika New York, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walihudhuria wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, na mavazi hayo yalishonwa na Douglas. Jina la kosplei lilitungwa katika miaka ya 1980 na Mjapani Nobuyuki Takahashi. Lakini asili ya jina si asili ya jambo. Jina la mvua likiletwa na mgeni, haifuati kwamba kabla yake nchi ilikuwa kavu.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athuman. Unasimulia vita vya Waislamu na Herakli, mfalme wa Rumi, ambaye alikufa mwaka 641, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mtunzi kushika kalamu. Mshairi wa kisiwa chenye mikoko na majahazi aliwavika silaha wapiganaji wa nchi ya baridi ambao hawakupata kuuona mwambao wake, na wasikilizaji wakawaona. Msomi anayemcheka kijana wa Nairobi kwa kuvaa chapeo ya shujaa wa nchi nyingine humsifu Mwengo katika darasa lake kwa tendo la jinsi hiyo hiyo, tofauti ikiwa tu kwamba mmoja alitumia mizani na vina, na mwingine atumia kisu na gundi. Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Ngao ni neno la Kibantu. Deraya na dirii yametoka katika Kiarabu. Chapeo limetoka katika Kireno, ambako maana yake ni kofia tu. Ghala la silaha la Kiswahili lilijazwa na wageni wa kila upande, wala hakuna mwalimu anayelifunga kwa sababu hiyo.

Tena kuna ngoma ya beni. Ilianza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara kwa askari, kwa makarani na kwa reli, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na majenerali na wafalme, na wachezaji walivaa sare za kijeshi zilizoigizwa kwa kitambaa, vifungo na nishani za kubuni. Mzungu aliyeziona alicheka akadhani ameigwa kwa ujinga. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza kwamba chini ya sare hizo kulikuwa na vyama vya kusaidiana, na ushindani wa mitaa, na watu waliojipatia heshima ambayo utawala wa kikoloni uliwanyima. Leo beni hufundishwa chuoni kama jambo la fahari. Imesubiri mpaka wachezaji wake wafe ndipo ikapewa heshima hiyo, na mafundi wa deraya za leo yaelekea wanawekewa zamu katika safu ile ile.

Hata hivyo, ushahidi ulio mkubwa kuliko wa pwani uko bara, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Katika njia hiyo mji wa Tura una cheo chake. Msafiri aliyetoka pwani alivuka kwanza Mgunda Mkali, nyika ya miiba na visima vya mashaka, na alipotokea upande wa pili kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kilikuwa Tura. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua mizigo, kwa kuwa kila msafara, uwe wenda bara au warudi pwani, ulipumzika hapo. Leo Tura ni kituo cha Reli ya Kati mashariki ya Tabora, katika wilaya ya Uyui, na abiria wengi hupita wamelala. Lakini mtu mwenye kutaka kujua kama deraya ya maonyesho ni jambo geni katika nchi hii, na ashuke Tura, autazame msafara uliotua hapo kama ulivyoelezwa na Burton.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Aliyethubutu kumtangulia njiani alitozwa faini. Alivaa joho jekundu la urefu wa futi 6 hivi, lenye tundu la shingo katikati na vishada vilivyoning'inia mbele na nyuma. Kichwani alijifunga ngozi ya mbega au ya paka mwitu iliyoshuka mpaka mabegani, na juu yake likasimama tita la manyoya ya bundi au ya korongo mwenye taji. Alichukua bendera na usinga, na chuma kilichopindwa ncha kilichopambwa kwa ushanga wa rangi mbalimbali, na karibu naye alikwenda mpiga ngoma. Nyuma walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo uliofika hata frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Nao pia walijipamba. Mmoja alijifunga kichwani ukanda wa singa za shingoni mwa punda milia, zikasimama pande zote kama miali ya jua. Mwingine alikausha mkia wa ng'ombe ukawa mgumu, akausimamisha juu ya paji kama pembe ya kadiri ya futi moja. Walivaa manyoya ya mbuni na ya korongo, vikuku vya pembe za ndovu na vya shaba, na njuga chini ya magoti ili kila hatua itoe sauti.

Msomaji aulize: mapambo hayo yalikuwa ya nini? Hayakuzuia mshale wala risasi. Mkia wa ng'ombe juu ya paji haumpunguzii mtu uzito wa frasila 2. Yalikuwa deraya ya namna nyingine. Mnyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Safari ilikuwa chuo chake, na mavazi yalikuwa shahada yake. Alimtisha adui kabla ya kupigana, alimpendeza binti wa kijiji kabla ya kusema, na alijikumbusha mwenyewe kwamba yeye si punda wa tajiri. Stephen Rockel, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 juu ya wapagazi wa njia hizo, alionyesha kwamba walikuwa mafundi wa kazi yao wenye mila, sheria na heshima yao. Maonyesho nayo yalikuwa na mahali pake maalumu. Tarehe 7 Novemba 1857, msafara wa Burton ulipokaribia Kazeh, palipo Tabora ya leo, watu walitoa mavazi yao mazuri yaliyotunzwa kwa siku hiyo, wakaingia kwa bendera, baragumu na milio ya bunduki, na wenyeji wakasimama pande mbili za njia kuwatazama. Vazi lililochukuliwa mzigoni kwa miezi ili livaliwe mbele ya macho ya watu katika siku moja ya kuingia mjini: hiyo ndiyo kosplei, mtu akiondoa jina tu.

Hapa ndipo kosa la mshtaki linapojitokeza. Maelezo hayo ya kirangozi na wapagazi yameandikwa na Burton, naye hakuwa rafiki wa watu hao. Aliwaeleza kwa dhihaka, kama mtu anayeandika habari za wanyama wa ajabu. Lakini aliandika: alihesabu futi za joho, akataja jina la ndege na mahali pa njuga. Mwenye dharau aliandika, na waliopasa kupenda hawakuandika. Tangu chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kufunguliwa mwaka 1961, wamepita wanafunzi wa lugha na wa historia wasiohesabika, na wengi wao walizaliwa katika njia ile ile ya misafara. Ni wangapi waliokaa Tura, au Rubuga, au Urambo, na mzee aliyebaki na kumbukumbu, wakauliza jina la kila kipande cha vazi la kirangozi kwa Kinyamwezi na kwa Kikimbu? Ni nani aliyechora jinsi ngozi ya mbega ilivyofungwa ili isidondoke kwa mwendo wa siku nzima? Kijana wa Tabora akitaka leo kutengeneza vazi hilo hana mchoro, hana kipimo, hana orodha ya majina. Akitaka kutengeneza deraya ya shujaa wa sinema ya kigeni hupata vipimo vyote kwa nusu saa. Ndipo msomi humlaumu kwa kuchagua ya kigeni! Mwenye kufunga ghala hana haki ya kumcheka mwenye njaa kwa kula kwa jirani.

Mfano wa sinema ya Black Panther ya mwaka 2018 watosha kuwaaibisha wengi. Ruth Carter, Mmarekani aliyebuni mavazi yake, alitazama shanga na rangi nyekundu za Wamasai, mapambo ya Waturkana, ngozi za Wahimba na pete za shingo za Wandebele, akaunda kwa hayo deraya za walinzi wanawake wa mfalme. Mwaka 2019 alipata kwa kazi hiyo tuzo ya Oscar. Wasichana wa Nairobi na Dar es Salaam wakitaka kuvaa deraya hizo hujifunza kutoka Marekani jambo ambalo sehemu yake ilichukuliwa nyumbani kwa nyanya zao. Katika habari hiyo Carter hana lawama, maana alifanya kazi ya kutafuta. Wasichana nao hawana lawama, maana wamependa kilicho kizuri. Lawama ni ya walio katikati, wenye vitabu, mishahara na muda wa kutafiti, ambao hawakutafuta wala hawakupenda.

Wengine watajibu kwamba vitu vyenyewe havipo tena. Ni kweli kwamba vingi vilichukuliwa. Kiti cha enzi chenye mgongo mrefu cha mtemi wa Buruku, kilichochongwa umbo la mtu, kiko katika makumbusho ya Berlin tangu wakati wa utawala wa Wajerumani. Lakini hoja hiyo yaunga mkono kazi ya mafundi wa kuigiza. Kitu cha asili kikiwa mbali, au kimeliwa na mchwa, kitu kilichotengenezwa upya kwa elimu ndicho kiwezacho kuingia darasani, kikashikwa, kikavaliwa, kikaulizwa maswali. Manyoya ya korongo mwenye taji hayapaswi kutafutwa tena, maana ndege huyo amepungua na anahifadhiwa, mbega vilevile. Fundi wa kosplei anajua kufanya unyoya kwa karatasi na waya, na ngozi kwa kitambaa chenye manyoya. Basi ufundi unaochekwa ndio hasa uwezao kurudisha vazi la kirangozi bila kumwua mnyama hata mmoja.

Kuna pingamizi moja ambalo ni la haki, nalo lisikwepwe. Njia ya misafara haikuwa njia ya mapambo peke yake. Ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na katika miaka ya vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871, na katika utawala wa Nyungu ya Mawe huko Ukimbu, walikuwapo ruga-ruga. Hao walikuwa vijana wa vita, wengine wao mateka, watumwa waliotoroka na wapagazi walioacha misafara. Walivaa nguo nyekundu, manyoya na vikuku, na habari za watu wa zamani, zikiwamo zile ambazo Aylward Shorter alizikusanya Ukimbu katika miaka ya 1960, zasema kwamba mapambo yao yaliingia nywele na meno ya watu waliouawa. Mirambo na Nyungu walikufa wote wawili mwaka 1884, lakini jina la ruga-ruga liliendelea kutisha vijiji mpaka Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipowatumia kama askari wa ziada. Je, yafaa kijana avae vazi hilo apigwe picha akitabasamu?

Jibu la woga ni kusema lisivaliwe kabisa. Jibu la uvivu ni kusema kwamba mchezo ni mchezo. Yote mawili hayafai. Deraya ya shujaa wa Ulaya wa zama za kati, ambayo vijana huivaa bila mtu kuguna, nayo ilichoma vijiji na kutoa roho za wakulima. Kinachoifanya ionekane safi ni kwamba waliouawa hawana wajukuu hapa. Vazi la ruga-ruga lina wajukuu wa pande zote mbili, wa aliyelivaa na wa aliyelikimbia, nao huketi darasa moja Tabora. Kwa hiyo mwenye kulitengeneza ana deni. Alifanye lote, pamoja na sehemu zinazochukiza, zikiwa za mpira na nyuzi, naye awe tayari kumjibu kila aulizaye kwamba hili ni jino la nani na kwa nini lilivaliwa. Akiliondoa jino na kubakiza manyoya ameipamba dhuluma. Akilibakiza bila kujua maana yake ameicheka maiti. Akilibakiza na kulieleza, amefundisha historia kwa namna ambayo vitabu vichache vimeweza. Na kando yake asimame mwenzake aliyevaa singa za punda milia na kubeba frasila 2, ili watazamaji wajue kwamba njia ile ilijengwa na mabega ya wapagazi wengi kabla haijatikiswa na bunduki za wachache.

Vijana nao wasifikiri kwamba wametetewa katika kila jambo. Wako wanaochukua shanga za Wamasai, ngao ya Wazulu na kofia ya Waganda, wakazichanganya katika vazi moja na kuliita la Kiafrika, kana kwamba bara zima ni duka moja lenye rafu tatu. Huo ni uvivu ule ule wa msomi, umevaa rangi tu. Carter alichanganya pia, lakini alikuwa akibuni nchi isiyokuwapo, na alijua kila kipande alikitoa wapi. Fundi wa Tura anayesema kwamba ametengeneza vazi la kirangozi wa Unyamwezi ametoa kauli ya kweli au ya uongo, na watu wanayo haki ya kumhoji. Akiwa hajui jambo, aache wazi mahali pake, kama mhariri wa utenzi wa kale aachavyo nafasi mahali ambapo mchwa amekula mstari.

Limebaki shitaka la upotevu wa mali. Yasemwa kwamba fedha za gundi na rangi zingenunua vitabu, na kwamba vazi livaliwalo siku moja ni hasara. Wanaosema hayo yafaa watazamwe siku ya mahafali. Siku hiyo wasomi wote hujipanga kwa msafara wamevaa majoho mapana, na kofia bapa zenye vishada, na vitambaa vya rangi mgongoni, huku mmoja akitangulia na rungu la chuo na tarumbeta zikilia. Mavazi hayo asili yake ni mavazi ya makasisi na wanafunzi wa Ulaya ya zama za kati. Hayana msaada wowote kwa joto la Afrika Mashariki. Wengi huyakodi kwa fedha, wakayavaa saa chache na kuyarudisha. Hakuna anayesema ni utoto, wala ni uigaji wa wageni, wala ni hasara. Husemwa kwamba ni heshima ya elimu, na husemwa kwa haki, maana mtu aliyevuka nyika ndefu hupenda kuingia mjini amevaa. Lakini kirangozi naye alivaa joho. Kama joho la mahafali ni heshima na joho la kirangozi ni kichekesho, basi kinachopimwa si vazi. Kinachopimwa ni nani alilivaa kwanza.

Kazi inayotakiwa si ya ajabu. Idara za Kiswahili ziache kungoja maneno ya ufundi huu yaje yenyewe. Zikusanye majina ya viungo vya deraya yaliyotawanyika katika tenzi, katika Kinyamwezi na katika vinywa vya mafundi, ziyatie katika kamusi kabla kila kipande hakijaitwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wa historia wazisome upya habari za safari zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama zile alizozikusanya Carl Velten na kuzitoa mwaka 1901, na maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe. Wazisome kwa jicho la fundi, wakitafuta nguo, rangi na vipimo, si vita na bei za pembe peke yake. Tembe la Kwihara karibu na Tabora, ambamo Stanley na Livingstone walikaa, limehifadhiwa na kutembelewa kwa ajili ya wageni hao wawili. Ni haki ya wale waliowachukulia mizigo kwamba mavazi yao nayo yasimame humo, yamefanywa kwa ukamilifu na mafundi wa leo. Na mwalimu atakayeletewa na mwanafunzi chapeo ya mpira iliyopakwa rangi ya fedha asimwulize kwanza kwa nini amepoteza wakati wake. Amwulize bega lake ameliungaje, kisha amwonyeshe maelezo ya msafara uliotua Tura, amwulize kama aweza kutengeneza na hilo.